Mwanangu anabatizwa Pasaka, nami sijui Adamu alikuwa nani

BARUA

Shikamoo Mama,

Nina miaka 34. Nafundisha Biolojia katika shule ya sekondari huku Karatu, na kila Jumamosi asubuhi nafundisha watoto wa komunyo ya kwanza kigangoni kwetu. Kazi hii ya pili niliirithi. Baba yangu alikuwa katekista kwa miaka mingi, na magoti yalipoanza kumsumbua, paroko alinigeukia mimi.

Kwa miaka sita kazi hizi mbili hazikuwahi kugombana, na sasa naona kwa nini. Shuleni nafundisha kwa Kiingereza, kigangoni kwa Kiswahili. Mageuko ya viumbe yalikaa kwenye lugha yake na Adamu na Hawa wakakaa kwenye lugha yao. Nilikuwa navuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili kama mtu anayebadilisha shati.

Mwaka jana tuliwapeleka kidato cha nne Olduvai. Mwongoza wageni akawaeleza jinsi Mary Leakey alivyolipata pale fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959, fuvu lenye umri wa miaka kama milioni 1.75. Akawaeleza pia nyayo za Laetoli, za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano miaka kama milioni 3.6 iliyopita. Wakati wa kurudi, binti mmoja, ambaye komunyo nilimwandaa mimi mwenyewe, akaja kukaa karibu nami kwenye basi. Akaniuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini: "Mwalimu, wale walikuwa wengi, na walikuwa wanakufa. Sasa Adamu ni yupi kati yao? Na kama hayupo, dhambi ya asili tuliipata kwa nani?"

Nikamwambia tutaongea. Hatukuongea. Novemba akamaliza shule akaondoka.

Tangu siku ile sina amani. Najua kwamba vinasaba vyetu havionyeshi wakati wowote ambapo wazee wetu walikuwa wawili tu. Makadirio yanataja maelfu. Yule anayeitwa Hawa wa mitokondria (vijisehemu vya seli ambavyo mtoto huvirithi kwa mama), aliyeishi Afrika, hakuwa mwanamke peke yake wakati wake. Ni kwamba mnyororo wake wa mama hadi binti ndio uliofika kwetu wote. Najua pia kwamba kifo ni cha zamani kuliko mtu. Mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Tendaguru, kule Lindi, kati ya 1909 na 1913, na sasa iko Berlin, ni ya wanyama waliokufa miaka kama milioni 150 iliyopita. Nani alikuwa ametenda dhambi wakati huo? Halafu nasoma Warumi 5, ambapo Paulo anaweka mtu mmoja dhidi ya mtu mmoja, Adamu na Kristo. Kama yule wa kwanza hakuwepo, huyu wa pili anatuokoa na nini?

Mke wangu alijifungua Januari, mtoto wa kike. Atabatizwa Jumatatu ya Pasaka. Baba ameshawaalika ndugu kutoka Mbulu. Nitasimama na mtoto mikononi, padre ataniuliza kama nasadiki, nami nitajibu "nasadiki". Je, nitakuwa nimedanganya mbele ya altare? Nimefikiria kuomba ubatizo uahirishwe. Nimefikiria kuacha mafundisho ya Jumamosi. Nimefikiria pia kunyamaza tu, kama nilivyonyamaza hadi leo.

Kuna jambo jingine, sijui kama linahusika. Huyu si mtoto wetu wa kwanza. Miaka mitatu iliyopita tulipata wa kiume, akaishi siku mbili. Mimi ni mwalimu wa mafundisho, nilijua kabisa kwamba penye hatari ya kufa mtu yeyote anaweza kubatiza, hata kwa maji ya bomba. Sikumbatiza. Niliogopa kwamba nikifanya hivyo nitakuwa nimekubali kwamba anakufa. Baada ya mazishi, mama mmoja wa jumuiya alisema nikimsikia kwamba mtoto yule ameondoka na dhambi yake ya asili. Baba hakusema neno.

Naomba ushauri wako.

Mwalimu, Karatu

MAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako niliisoma asubuhi, nikaiweka, nikaisoma tena jioni. Mimi si mwanateolojia. Yachukue haya kama maneno ya mama aliyekaa nawe kibarazani, kisha uyapime mwenyewe.

Nikikuelewa vizuri, unasema hivi: sayansi unayoifundisha, na unaijua vyema, haina nafasi ya watu wawili wa kwanza wala ya dunia isiyo na kifo. Imani uliyolelewa inaanza na watu hao wawili. Kwa hiyo unaona kwamba ukisema "nasadiki" siku ya Pasaka utakuwa unakana kitu ambacho macho yako yameona Olduvai. Na pembeni ya hayo, kama vile umekaribia kukisahau, kuna kitanda cha hospitali ambacho maji hayakufika. Nitafika huko. Sitasema kwamba swali la mifupa ni kisingizio cha huzuni, maana lingekuwa zito hata kama usingefiwa.

Hapo ulipotaja lugha mbili nilikaa sana. Wengi wetu tuliosoma tumeishi hivyo, sayansi kwa lugha ya mtihani, Mungu kwa lugha ya mama. Binti yule alivunja ukuta kwa kuuliza swali la shuleni kwa maneno ya kigangoni. Basi tubaki kwenye maneno hayo kidogo. Kila unaposema "binadamu" umesema mwana wa Adamu, hata unapomzungumzia yule aliyekanyaga majivu ya Laetoli. Na katika Kiebrania cha kitabu cha Mwanzo, adam ni mtu, na adama ni udongo. Neno la watu wote na jina la mtu mmoja yanapishana katika sura zile za mwanzo, kiasi kwamba watafsiri hawakubaliani ni mstari gani waanze kuliandika kama jina.

Sasa chukua neno "asili". Wewe ungemwelezaje baba yako, kwa Kiswahili, lile jambo kubwa la Darwin? Ungesema uteuzi wa asili: viumbe vinavyoyafaa zaidi mazingira yao ndivyo vinavyobaki na kuzaa. Kisha Jumamosi unasema dhambi ya asili. Asili ni chanzo, kama asili ya mto. Asili pia ni vile kitu kilivyo, kama tunaposema asili ya maji ni kuteremka. Barua yako yote imelishika lile la kwanza: ilianza kwa nani, lini, wapi. Nakuuliza kwa upole, je, una hakika kwamba fundisho lenyewe linasimama juu ya maana hiyo peke yake? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 404 na 405, inaeleza dhambi ya asili kama hali tunayoipokea, wala si tendo tulilolitenda. Na inasema wazi kwamba haina sura ya kosa la binafsi kwa mzawa yeyote wa Adamu. Tena inakiri kwamba namna inavyopitishwa ni fumbo ambalo hatuwezi kulielewa kikamilifu. Na hiyo hali, Mwalimu, wewe unaiona kila siku ukiwa zamu. Hakuna aliyemfundisha mtoto wa miaka mitatu kumpora mwenzake mwanasesere na kumgeuzia mgongo akilia.

Sisemi hilo linamaliza kazi. Katekisimu hiyo hiyo, namba 390, inasema sura ya tatu ya Mwanzo inatumia lugha ya mafumbo, lakini inasisitiza kwamba inaeleza tukio la kweli mwanzoni mwa historia ya mwanadamu. Tukio hilo usilipite kimya kimya, maana wanafunzi wako hawatalipita.

Kuhusu kifo, nina swali dogo tu. Mungu anamwambia Adamu, "siku utakapokula matunda ya mti huo utakufa hakika." Akala. Hakufa siku hiyo. Mwanzo 5 inampa miaka 930. Aliyeiandika simulizi ile alijua kuhesabu. Basi kifo kilichomfika siku ile ile kilikuwa kipi? Na Paulo katika Warumi 5:12 anasema mauti "ikawafikia watu wote". Anasema watu, habari za wanyama wa Tendaguru hazimo. Wapo wanaosoma hapo kifo cha kutengana na Mungu, na wapo wanaosema hapana, ni kifo cha mwili pia, maana kwa mwanadamu hata kufa kwenyewe kumegeuka kitu cha kutisha. Mimi naona usomaji wa kwanza unakaa vizuri zaidi na maneno yenyewe, ila najua Mtaguso wa Trento, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, mwaka 1546 ulitaja kifo cha mwili pia.

Mstari huo huo una jambo ambalo pengine hukuwahi kulisikia. Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu, askofu wa Hippo katika nchi inayoitwa leo Algeria, aliusoma kwa Kilatini, na Kilatini kile kilisema kwamba katika huyo mtu mmoja wote walifanya dhambi. Kigiriki cha Paulo husomwa na wengi kama Biblia yetu ya Union ilivyoandika: "kwa sababu wote wamefanya dhambi". Tofauti ni maneno mawili matatu tu, lakini mizani inahama. Usikimbilie kusema basi fundisho zima ni kosa la tafsiri, maana Kanisa halikulijenga juu ya mstari mmoja. Ila ujue kwamba ile picha ya sisi sote tukiwa ndani ya mwili wa mzee mmoja iliingia kupitia mlango fulani, na watu wanaoamini sana wamekaa kwenye mlango huo wakiutazama kwa karne nyingi. Augustino huyo huyo, alipoifafanua Mwanzo, aliwaonya Wakristo wasiseme upuuzi juu ya mbingu na wanyama mbele ya watu wanaoyajua mambo hayo, wasije wakaifanya imani yote ichekwe. Onyo hilo nakuombea ulibebe.

Kanisa lako limesema nini? Mwaka 1950 Papa Pius wa Kumi na Mbili aliruhusu wataalamu wachunguze kama mwili wa mtu ulitoka katika viumbe vilivyotangulia, akisisitiza kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Juu ya wazazi wengi wa kwanza badala ya wawili alikuwa mkali zaidi: alisema haionekani jinsi wazo hilo linavyoweza kupatana na dhambi ya asili. Sentensi hiyo imejadiliwa mno, maana kusema njia haionekani na kusema njia haipo ni mambo mawili. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo wa Pili aliiambia Akademia ya Kipapa ya Sayansi kwamba mageuko sasa ni zaidi ya dhana tu. Kwa hiyo ukiwa Olduvai na wanafunzi hujasimama nje ya uzio wa Kanisa.

Walioshika yote mawili wamepita njia mbalimbali. Wapo wanaosema Mungu aliwaita wawili kati ya maelfu, akawapa roho na sauti yake, na uzao wao ukachanganyika na wengine hadi sote tukawa wa ukoo wao. Vinasaba haviwezi kulipinga hilo, na linapunguza swali la kale la mke wa Kaini alitoka wapi. Lakini mimi linaniacha na jirani wa Adamu: yule mama wa boma la pili, anayemlilia mwanawe, tuseme hakuwa mtu? Sijaona aliyenijibu nikatulia. Wengine wanasema Adamu ni jamii nzima ya mwanzo, watu walioanza kujua mema na mabaya na wakaligeuzia kisogo lile jema. Hapo Kiebrania kinawasaidia, ila ule ulinganisho wa Paulo, mmoja kwa mmoja, unalegea.

Kisha kuna njia ambayo nahisi itakuvuta wewe, mtu wa Biolojia: kwamba dhambi ya asili ni tamaa na ukatili tuliorithi kwa uteuzi wa asili. Inavutia, na ndiyo ninayoihofia zaidi. Binti yule angekuuliza papo hapo, basi mwenye kosa si yule aliyetuumba kwa njia hiyo? Na uteuzi huo huo ndio uliompa mama kumkumbatia mtoto na kundi kumngoja mgonjwa wao. Hauwezi kuwa jina jingine la dhambi.

Mtakatifu Ireneo, askofu wa Lyon karne ya pili, alimwona Adamu kama mtoto, aliyeumbwa ili akue, akajikwaa kwa utoto wake. Napenda sana kumsoma mzee huyu. Hata hivyo tusimvalishe koti letu: kwake Adamu alikuwa mtu mmoja, na mageuko hakuwahi kuyasikia.

Kati ya hizo sitakuchagulia. Ungejikuta unaishi na jibu langu badala ya lako.

Turudi kwenye Pasaka. Padre atakuuliza kama unamkataa Shetani, na kama unasadiki kwa Mungu Baba, na Kristo, na Roho Mtakatifu, na maondoleo ya dhambi, na ufufuko. Jina la Adamu halimo katika maswali hayo. Ila nisikufiche: kabla ya mpako wa mafuta ataomba mtoto afunguliwe kutoka dhambi ya asili, na neno lile utalisikia ukiwa umemshika. Je, kuwa na swali ambalo hujalijibu ni sawa na kudanganya? Sheria ya Kanisa, kwa ubatizo wa mtoto mchanga, inataka pawe na tumaini la msingi kwamba atalelewa katika imani. Hilo unalo? Nadhani hilo ndilo la kujiuliza usiku, zaidi ya Adamu.

Ukiahirisha, unapata muda na dhamiri yako haikusumbui. Lakini ndugu watauliza, baba ataumia bila kujua sababu, na wewe unaweza kujikuta unangoja siku ambayo mashaka yameisha, ambayo pengine haiji. Ukiacha Jumamosi, watoto wa kigango watampoteza mwalimu pekee anayeweza kuwaambia wakiwa wadogo kwamba Mwanzo na Laetoli vinaweza kukaa kichwa kimoja. Lakini kufundisha watoto usichokiamini kunachosha roho, nami siwezi kukuambia uvumilie hadi lini. Kunyamaza umeshakujaribu. Binti yule ameondoka na kimya chako. Kama namba yake inapatikana, mpigie. Huhitaji kuwa na jibu. Mwambie tu kwamba swali lake lilikuwa zuri, na kwamba nawe unalo.

Paroko unaweza kumwendea. Wapo mapadre watakaofurahi kukaa nawe saa nzima, na yupo atakayekuambia usali zaidi na kukufungulia mlango utoke. Huyo wa pili akikukuta, usidhani ndilo jibu la Kanisa zima.

Sasa mtoto wako wa kiume. Umeandika, "sijui kama linahusika." Mwanangu, naona linahusika hivi: kama Adamu yupo na dhambi yake inarithiwa jinsi yule mama wa jumuiya alivyosema, basi unajiona uliyemwacha mwanao mlangoni. Na kama Adamu hayupo, unaogopa kwamba Kristo naye anapotea, na hakuna mikono ya kumkabidhi mtoto. Kila upande unakuchoma. Kama nimekosea, nisamehe. Lakini kama ndivyo, si ajabu kwamba husinzii.

Yule mama alisema asichokijua. Kanisa halikuwahi kuliweka lile wazo la limbo, mahali pa watoto wasiobatizwa, kuwa fundisho rasmi la imani. Katekisimu, namba 1261, inawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu. Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia, kwa idhini ya Papa Benedikto wa Kumi na Sita, ilichapisha hati juu yao hao, ikasema zipo sababu nzito za kutumaini kwamba wameokolewa. Walisema tumaini, hawakusema uhakika, nami sitakuongezea. Na zipo sala za maziko kwa mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza akafa kabla. Wewe na mkeo mlikusudia. Muulize paroko kama misa inaweza kusomwa kwa ajili yake hata sasa.

Kwamba hukumwaga maji kwa sababu kumwaga kungekuwa kukubali kwamba anakufa, hilo sina mamlaka ya kukuondolea, wala sioni kama ni la kuhukumiwa. Kila nikilisoma naona baba tu.

Mkeo umemtaja mara moja, alipojifungua. Yeye anaijua ile siku ya pili kuliko mtu yeyote. Umewahi kumwambia kwamba ulijua unaweza kubatiza? Ningeanza hapo kabla ya paroko. Kisha baba yako. Unasema hakusema neno, na wewe umeusoma ukimya wake kama hukumu. Mzee aliyekuwa katekista miaka mingi amesimama kwenye makaburi mangapi ya vichanga, wakati padre yuko mbali na mvua imekata barabara? Alisali nini huko? Muulize mkiwa wawili, kabla ndugu wa Mbulu hawajafika. Inawezekana akakasirika ukimtajia Zinjanthropus. Inawezekana pia amekuwa akilingoja swali hilo muda mrefu kuliko wewe.

Katika barua yako yapo majina ya Mary Leakey, Zinjanthropus, Paulo, Adamu na Hawa. Jina la mwanao wa kwanza halimo. Kama mlimpa, niandikie, nikamtaje kwenye sala zangu. Kama hamkumpa, kaa na mama yake mmpe, hata kabla ya Pasaka.